Moja Tu?

Tangu Alhamisi sijatulia. Nikiosha vyombo naisikia, nikipanga foleni ya daladala naisikia, na leo asubuhi kanisani, katikati ya matangazo, nimeisikia tena: "Madam, moja tu?"

Kilikuwa kipindi cha mwisho cha kidato cha tano. Mada ilikwisha mapema, nikaona niwape zawadi, ile hadithi ya tarehe 22 Septemba 2017 ya nutrino, chembe ndogo mno isiyo na chaji. Mnajua ninavyoipenda. Nikachora barafu ya Ncha ya Kusini ubaoni, na nyaya 86 zilizozamishwa humo zikiwa na vihisi mwanga 5,160, kuanzia kina cha mita 1,450 hadi 2,450. Ndiyo IceCube, kituo cha kunasia nutrino. Nikawaambia nutrino hupenya miili yetu, kuta na Dunia nzima bila kugusa kitu, ila mara chache sana moja hugonga kiini cha atomu ndani ya barafu, ikazaa chembe nyingine, myuoni, inayokimbia ikiacha mwanga wa buluu nyuma yake. Mwanga huo ndio unaonaswa.

Ile ya siku hiyo ilikuwa na nishati ya takriban teraelektronivolti 290, kipimo cha nishati ya chembe. Kwa saa zetu ilikuwa inakaribia saa sita usiku. Haikupita hata dakika moja, tahadhari ikawa imeshawafikia wanaastronomia duniani kote. Walipoelekeza darubini kule ilikotoka, wakaikuta galaksi ya TXS 0506+056, ambayo shimo lake jeusi linatema mchirizi wa chembe ukituelekea sisi moja kwa moja. Na ilikuwa imelipuka kwa mwanga kuliko kawaida yake. Darubini ya Fermi iliyoko angani iliona, na ile ya MAGIC kule La Palma nayo ikaona miale ya gama, yaani mwanga wenye nishati kubwa kabisa. Safari ya miaka takriban bilioni 4. Darasa lilikuwa kimya, hata wale wa madawati ya nyuma.

Ndipo akanyoosha mkono yule binti aliyetengeneza darubini kwa bomba la maji. Mliosoma niliyoandika Novemba mnamjua.

"Madam, zilikuwa nutrino ngapi?"

"Moja."

"Moja tu?"

"Ndiyo, moja."

"Mbona sisi tukikuletea kipimo kimoja unatuambia turudie?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anataka kujua. Nami nikamjibu, "Hayo ni mambo mengine." Kengele ikalia, wakatoka.

Hayo ni mambo mengine. Nilipokuwa na umri wake niliambiwa hivyohivyo na mwalimu wangu, na niliapa mtoto wa mtu hatalisikia neno hilo kinywani mwangu.

Jana wameleta mahari ya mdogo wangu, na barua yangu ya kupandishwa daraja hatimaye imefika, namshukuru Mungu. Lakini hata nilipokuwa nawapakulia wageni pilau, kichwani nilikuwa bado namjibu yule mtoto.

Kwanza nilimjibu kwamba wale wa IceCube walirudia kwa kurudi nyuma. Walifukua kumbukumbu zao za miaka tisa na nusu upande uleule wa anga, wakakuta kati ya Septemba 2014 na Machi 2015 kuna nutrino zipatazo 13 zaidi ya zilizotarajiwa. Nikaridhika. Kisha nikamwona ananyoosha mkono tena: "Na galaksi ilikuwa imelipuka siku hizo, Madam?" Haikuwa. Miale ya gama ilikuwa ya kawaida tu. Hapo jibu langu likavunjika.

Nikajaribu lingine. Wenyewe hawakusema wamethibitisha. Barafu ile hunasa nutrino karibu 100,000 kwa mwaka, nyingi mno zikiwa zimezaliwa hapahapa kwenye angahewa yetu, kwa hiyo walihesabu uwezekano wa kuwa imeangukia upande wa galaksi iliyolipuka kwa bahati tu. Tena walijumlisha na tahadhari zote zilizotangulia ambazo hazikupata galaksi ya kuendana nazo. Wakabaki na sigma 3, yaani kipimo cha jinsi jambo lilivyo mbali na bahati tupu, na fizikia hudai 5 kabla ya kutamka kwamba jambo limegunduliwa. Mwaka 2022 wakaleta galaksi nyingine, NGC 1068, safari hii nutrino 79 za ziada na sigma 4.2. Hiyo hata haikuhitaji kulipuka, na miale yake ya gama ni hafifu, kana kwamba kitu kinaizuia isitoke.

Basi usiku huu umeme umekatika. Nimewasha tochi ya simu nisahihishe madaftari ya maabara yaliyobaki, na la nne kutoka juu ni lake. Jaribio la pendulumu, la wiki mbili zilizopita. Nilishalisahihisha, nilitaka tu kuhamisha alama. Kwenye jedwali, urefu wa sentimita 60, safu ya kwanza ina sekunde 31.1. Safu ya pili na ya tatu ziko wazi. Pembeni ameandika kwa penseli, herufi ndogo: "Kipimo kimoja tu. Stopuochi imezimika. Kinaweza kukosea." Na juu yake kuna kalamu yangu nyekundu: Rudia. Kutoa mbili.

Nimeshika lile daftari hadi simu ikazima tochi yenyewe.

Angeweza kujaza namba mbili za uongo, nisingegundua. Wengine hujaza, nawajua. Yeye ameacha wazi, akaandika kipimo chake kina shaka kiasi gani, kama walivyofanya wale wa barafuni. Na Alhamisi alikuwa ananiuliza kuhusu alama zake mbili, mimi nikadhani anauliza kuhusu galaksi. Au vyote viwili.

Nimezirudisha. Nimefuta "Rudia", nimeandika "Vizuri sana". Kesho nitamwambia mbele ya wenzake, maana mbele yao ndipo nilipomnyima jibu, na nitamweleza habari ya 2014 pamoja na pale inaponishinda.

Nimetoka uani. Mvua imekatika, mawingu yamepasuka juu ya Nkuhungu, hapa Dodoma, na kundi la nyota la Orioni liko karibu utosini. Galaksi yenyewe iko pale karibu na bega lake, haionekani kwa macho. Nimefurahi kama mtoto.

Kaka amepiga simu kutoka Hombolo. Mvua ya siku tatu imekuta zabibu zimeshaiva, zimeanza kupasuka mashinani, na mnunuzi aliyeahidi lori la Jumatatu hapokei simu tangu jana.