Tanabata usiku wa Sabasaba: mwanzi, tanzaku na mchuzi wa dagaa

Katika shughuli zote za klabu ya utamaduni wa Kijapani ambazo nimesimamia chuoni hapa Dar es Salaam, Tanabata, sikukuu ya nyota, ndiyo yenye gharama ndogo na inayowashika watu zaidi. Haitaki projekta wala mavazi. Mtu asiyejua hata neno moja la Kijapani anaingia, anakaa dakika 20, anatoka akiwa ameandika, amekata na amefunga kitu kwa mkono wake. Hapa naeleza nilivyoiandaa kwa watu 40 na yale yanayoharibika usipokuwa mwangalifu.

Tanabata huangukia tarehe 7 Julai, saba ya saba. Jina lake huandikwa kwa kanji mbili, ya "saba" na ya "jioni". Kisa chake kilitoka China: Orihime mfumaji na Hikoboshi mchunga ng'ombe wametenganishwa na mto wa mbinguni, lile wingu la nyota linalokatiza anga usiku wa giza, na huruhusiwa kuonana usiku huo mmoja tu kwa mwaka. Wajapani huandika maombi yao kwenye vipande vya karatasi viitwavyo tanzaku na kuvitundika kwenye mwanzi.

Kwetu tarehe hiyo ni Sabasaba. Hakuna vipindi, hilo ni jema, lakini barabara ya Kilwa haipitiki na nusu ya wanachama wako viwanja vya maonyesho. Kwa hiyo tulianza saa kumi na moja jioni. Kama chuo chenu kimefunga mapema, sogezeni hadi Agosti bila wasiwasi. Japani ilihamia kalenda ya sasa mwaka 1873, na baadhi ya miji bado inaadhimisha kwa kukaribia majira ya zamani. Sendai, mji wenye Tanabata maarufu kuliko zote, hufanya tarehe 6 hadi 8 Agosti.

Kazi ngumu ni mwanzi. Wengi huukata asubuhi ili wawahi, na ikifika jioni majani yote yamejikunja kama misokoto. Mwanzi ukishakatwa, hewa huingia kwenye mirija inayopandisha maji huku majani yakiendelea kupoteza maji yale yale machache yaliyobaki. Upepo ndio unaoumaliza kabisa, kwa hiyo kuusafirisha juu ya bodaboda ni kuukausha kwa makusudi. Niliukata saa kumi jioni, jua likiwa limepungua, nikaufunika kwa khanga mbili zilizolowa na kuuleta kwa bajaji. Ulipofika niliuzamisha mguu wake kwenye ndoo ya maji na kukata tena sentimita 5 humo humo ndani ya maji, ili mirija isivute hewa. Kisha kila nusu saa mtu mmoja alinyunyizia majani kwa chupa. Haya hayauzuii kunyauka. Yanakupa saa mbili tatu, na hizo zinatosha.

Usichukue mwanzi mzima. Kinachotakiwa ni ncha ya juu, mita 2 hadi 2.5, yenye vitawi vingi vyembamba. Chipukizi la mwaka huu ni refu na zuri machoni ila halina vitawi vya kufungia kitu. Yale maganda yanayokumbatia shina yana vinyweleo vyeusi vinavyowasha vibaya, basi vaa glavu au yafute kwa kitambaa kilicholowa kabla hujawakabidhi wenzako. Simamisha mwanzi ndani ya ndoo ya lita 20 iliyojazwa kokoto hadi karibu na ukingo, halafu mimina maji. Mchanga peke yake unalegea ukilowa na mwanzi unaanza kuinama upande mmoja. Na kwa kuwa Julai ni majira ya kusi, chagua upande wa jengo uliokingwa, la sivyo tanzaku zote zitajisokota kuwa fundo moja.

Karatasi zote ziwe tayari siku moja kabla. Nilitumia manila za A4, rangi tano, kila rangi shiti mbili. Shiti moja inatoa tanzaku sita: gawa upana wa sentimita 21 kwa tatu upate 7, na urefu kwa mbili upate karibu 15. Shiti kumi zinatoa vipande 60, na kwa watu 40 usipunguze, kwani theluthi moja ya watu hukosea na kuomba kingine. Karatasi ya fotokopi ni rahisi zaidi, lakini kwa unyevu wa Dar inajikunja ndani ya saa moja na maandishi hayasomeki. Tundu la panchi liwe sentimita 1 au zaidi kutoka ukingoni. Likiwa karibu zaidi, upepo unalichana. Uzi uwe wa pamba, sentimita 30, ukunjwe mara mbili na kupitishwa tundu ili kitanzi kijikaze chenyewe. Uzi wa nailoni unateleza, fundo linafunguka. Hata ule wa pamba, fungia nyuma ya kifundo cha kitawi, mahali jani linapotokea. Ukifungia katikati ya kitawi laini, tanzaku itashuka hadi nchani na zote zitarundikana hapo.

Rangi tano si pambo tu. Ni kijani (Wajapani wa zamani waliita rangi hiyo kwa jina moja na buluu), nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi, zikiwakilisha mti, moto, udongo, madini na maji katika fikra ya Kichina. Nyeusi haiandikiki kwa maka, na Wajapani wenyewe mara nyingi huweka zambarau mahali pake. Nasi tulifanya hivyo.

Nilitaka pia watu waandike kwa brashi na wino. Kwenye manila yenye upande unaong'aa wino unajikusanya kama matone na haukauki; tumia upande wa nyuma, ule usiong'aa. Mimina kijiko kimoja tu cha wino kwenye kisahani, brashi ichovywe hadi theluthi ya manyoya yake, kisha ikamuliwe ukingoni. Anayechovya brashi yote hupata doa kubwa badala ya herufi. Zamani wino wa siku hii ulisagwa kwa umande uliokusanywa juu ya majani ya magimbi. Aliyewahi kupita shamba la magimbi asubuhi anaelewa mara moja kwa nini: maji hayalowanishi jani lile, yanakaa juu yake kama shanga, tayari kumiminwa kwenye kikombe. Tulileta jani moja na kulidondoshea maji mezani. Kusema kweli, jani lile lilieleza zaidi ya bango lolote tulilobandika.

Maombi ya Tanabata kwa kawaida huishia na "-masu yō ni". "Shiken ni gōkaku shimasu yō ni" ni "nifaulu mtihani". Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwani kile kiishio kinalingana na namna yetu ya kuomba: nifaulu, nipone, arudi salama. Mtu aandike ombi kwa Kiswahili kwanza, kisha msaidizi amtafutie kitenzi.

Majina ndiyo yaliyotuchukulia muda. Silabi zetu nyingi zinaishia na irabu na katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni, pia ni hivyo, kwa hiyo jina kama Juma halisumbui. Salma anakuwa Sa-ru-ma, Lulu anakuwa Ru-ru, maana Kijapani hakitofautishi l na r; waambieni mapema wasije wakadhani mmekosea. Mwajuma anakuwa Mu-wa-ju-ma. Makosa yenyewe yako kwenye kuandika kutoka juu kwenda chini. Majina kama Saada au Neema yana irabu ndefu, na alama ya urefu, ambayo kwenye mstari wa mlalo ni kistari cha kulala, inasimama wima mnapoandika kwa kushuka. Karibu kila anayejifunza huiacha imelala. Halafu ile "yu" ndogo inayokamilisha "ju" hukaa pembe ya juu kulia ya kisanduku chake, si katikati. Kuhusu "shi" na "tsu" zinazofanana, angalia mkwaju wa mwisho: kwenye "shi" unapanda kutoka chini kushoto, kwenye "tsu" unashuka kutoka juu kulia. Nilibandika mfano mmoja mkubwa ukutani, na hapo foleni mezani ikapungua.

Sendai wana mapambo saba ya desturi. Mbali na tanzaku kuna nguo ya karatasi, korongo wa kukunjwa, mkoba wa fedha, wavu wa kuvulia, kikapu cha takataka na mikia mirefu inayowakilisha nyuzi za mfumaji. Sisi tulichagua wavu, kwa kuwa pwani hauhitaji maelezo: unaombea samaki wengi. Chukua karatasi nyepesi ya mraba, sentimita 20 kila upande. Ikunje mara mbili kwa mwelekeo mmoja upate ukanda wa upana wa sentimita 5. Kata kutoka upande wa kushoto ukiacha sentimita 1 bila kukata, sogea sentimita 1, kata kutoka kulia ukiacha vilevile, endelea hivyo kwa kupokezana hadi mwisho. Fungua polepole, shika ncha mbili, vuta. Anayekata mara mbili mfululizo upande mmoja anapata tundu kubwa. Anayezidisha kina anabaki na vipande mkononi. Manila haifai kabisa, inachanika wakati wa kufungua. Mabaki yote ya karatasi hutiwa kwenye kile kikapu cha takataka nacho kikatundikwa, maana kinasimamia usafi na kutotupa ovyo. Sakafu inabaki safi bila ya mtu kuhimizwa.

Chakula cha siku hii ni somen, tambi nyembamba za ngano zinazoliwa baridi na mchuzi wa kuchovya. Kifungu kimoja cha somen ni gramu 50, kipimo kizuri cha kuonja. Watu 40 ni kilo 2. Somen halisi inachemka dakika moja na nusu hadi mbili. Bei yake hapa ni kubwa, nikatumia spageti nyembamba kabisa, nikaichemsha dakika moja zaidi ya ilivyoandikwa kwenye pakiti, kwani maji baridi yanaikaza tena. Chemsha nusu kilo kwa lita 5 za maji kwa awamu, chuja, kisha isugue kwa mikono ndani ya maji baridi ukibadilisha mara mbili hadi utelezi utoke. Maji hayo na barafu viwe vya kunywa, kwa sababu hakuna kitakachochemshwa tena. Usiache tambi zikielea, zinavimba. Na usizichuje mapema, zinagandana.

Mchuzi wenyewe msingi wake ni dashi, supu nyepesi ya Kijapani. Wajapani wana dashi ya niboshi, yaani visamaki vilivyochemshwa kisha vikaanikwa, na dagaa wa Zanzibar huandaliwa kwa njia hiyohiyo. Wale wa ziwani wanaokaushwa bila kuchemshwa wana uchungu na mara nyingi mchanga. Toa vichwa na ule utumbo mweusi, ndio unaoleta uchungu. Gramu 30 kwa lita 1 ya maji, loweka nusu saa, chemsha dakika 10 kwa moto mdogo bila kufunika huku ukiengua povu, chuja. Vipimo vya kawaida ni dashi sehemu nne, sosi ya soya moja, mirin (mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia) moja. Kwa lita 2 za dashi ingekuwa mililita 500 za sosi, lakini dagaa wetu tayari wana chumvi; anza na 350, onja, ndipo uongeze. Mirin ina kilevi, na klabu yetu ina Waislamu wengi, kwa hiyo mahali pake niliyeyusha gramu 150 za sukari kwenye maji hadi kufika mililita 500. Soma pia lebo ya sosi ya soya, nyingine hutiwa alkoholi ili isiharibike. Mchuzi ukishachemka pamoja dakika mbili, upozwe kabisa kabla ya kugawa.

Saa tatu usiku tulizima taa za nje. Japani mwanzoni mwa Julai bado ni msimu wa mvua na mara nyingi wapenzi wale hawaonekani. Dar ni kiangazi. Tazama mashariki, kama theluthi ya njia kutoka upeo hadi utosini: nyota angavu iliyo upande wa kushoto, kaskazini-mashariki, ni Vega, yaani Orihime. Kulia kwake, karibu mashariki kabisa, ni Altair, Hikoboshi. Wingu la nyota kati yao halionekani mjini kwa sababu ya taa, ila nyota zenyewe mbili zinaonekana hata penye taa za barabarani.

Desturi ya zamani ilikuwa kuachia mwanzi na mapambo yake yachukuliwe na mto au bahari. Msifanye hivyo Koko Beach. Sisi tulitoa tanzaku asubuhi yake bila kuzisoma na bila kuzipiga picha, maana kuna walioandika majina na magonjwa ya watu wao, tukazichoma pamoja na kikapu cha mabaki. Uzi wa pamba unaungua wote. Mwanzi uliobaki alipewa mzee mtunza bustani aliyeturuhusu kuukata, akausimamishia maharage.