Kumbukumbu ya mradi wa picha za Ng'ambo: hatimaye ritifaa imefika Maskati

Saa nne usiku huu Shangazi amenitumia picha ya skrini ya simu yake. Kwenye orodha ya viambatisho pameandikwa: Ng'ambo – Kikwajuni – Bibi na wenzake.jpg. Jina zima, herufi kwa herufi, na ritifaa yake (') ikiwa mahali pake. Wiki tatu nimekuwa nikilisubiri jina hilo, kwa hiyo naandika sasa hivi kabla sijasahau lipi lilitangulia lipi.

Kwa waliokuwa wakifuata: albamu ya kwanza imekwisha kuskaniwa, picha 212, na kila Ijumaa natuma tano kwa barua pepe. Barua moja kwa Shangazi aliyeko Maskati, moja kwa Ami hapa Unguja, moja kwa binamu yangu Mombasa. Wao ndio wanaozijua nyuso. Wakinitajia mtu au mtaa, nautia kwenye jina la faili. Ndiyo maana jina la faili kwangu ndiyo kazi yenyewe. Picha isiyo na jina ni sura za watu wasiojulikana wamesimama ukutani.

Basi Ijumaa ya kwanza kwa binamu kila kitu kilikuwa sawa. Kwa Ami pakatokea hiki:

Ngâ€™ambo â€“ Kikwajuni.jpg

Wengi mtaijua alama hiyo. Nilihifadhi barua kama faili ya .eml, nikaipitisha kwenye xxd, programu inayoonyesha baiti za faili, na penye ritifaa nikakuta baiti tatu: e2 80 99. Hiyo ni U+2019 katika Unicode, orodha ya herufi za kompyuta: ritifaa iliyopinda. Sikuiandika mimi kwa kukusudia. Majina nayachapa kwenye simu, na kibodi ya simu hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kuuliza. Skripti yangu ya kwanza, ya JavaScript, ilikuwa inamwaga baiti hizo mbichi ndani ya filename=, sehemu ya barua inayobeba jina la faili, na programu kongwe ya Ami ikazisoma kwa Windows-1252, mfumo wa zamani wa herufi, kila baiti herufi yake. Zikatoka tatu badala ya moja.

Mtu ataniambia: ondoa ritifaa, andika Ngambo, ulale. Hapana. Ng' na ng ni sauti mbili. Kung'oa si ngoa. Moja ni kazi ya jembe, nyingine ni ya moyo. Na Ng'ambo imeitwa hivyo kwa sababu ilikuwa kweli ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari ulioitenga na Mji Mkongwe. Ukiandika Ngambo umefuta maana ya mtaa aliozaliwa baba yangu. Sitaki kuifuta kwa sababu ya programu ya barua pepe.

Wengine watasema: weka ritifaa iliyonyooka, toa na vile vistari virefu, kila kitu kitakuwa ASCII, herufi za msingi za Kiingereza, na hakuna cha kusimba, yaani kugeuza kuwa alama za kusafirishia. Kwa picha nyingi ingetosha. Lakini picha kama thelathini hivi zina maandishi mgongoni, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mkono wa Bibi mwenyewe. Hayo nataka yaingie kwenye jina kama yalivyo. Kwa hiyo lazima njia ya kutuma UTF-8, mfumo unaobeba herufi za lugha zote, ifanye kazi kwa wote watatu.

Raundi ya pili niligeuza ritifaa zote zikanyooka, vistari nikaviacha, na jina nikalisimba kwa namna ya RFC 2231, waraka wa kanuni za barua pepe wa mwaka 1997: filename*=UTF-8'' halafu jina lenye asilimia. Nikatumia encodeURIComponent ya JavaScript, inayogeuza herufi kuwa alama za asilimia, nikatuma, nikaenda kuswali nikiwa na furaha. Niliporudi nikakuta ujumbe wa sauti wa Shangazi: “Mwanangu, picha nimezipata, Mungu akubariki. Lakini hii ‘ambo’ ndiyo nini? Kila picha imeandikwa ambo.”

Ambo. Nilikaa na neno hilo siku nne.

Nilishuku simu yake, nikashuku mtandao wa kule, nikashuku seva ninayotumia. Nikambebesha mama wa watu kazi ya kusakinisha programu nyingine, akaisakinisha kwa subira zake zote, ikatoa “ambo” ile ile. Siku ya nne nikafungua chanzo cha barua, nikaweka kidole kwenye kioo nikasoma polepole:

filename*=UTF-8''Ng'ambo%20%E2%80%93%20Kikwajuni.jpg

Hesabu ritifaa. Ziko tatu. Katika RFC 2231 ritifaa ndiyo kitenganishi: ya kwanza hufunga jina la mfumo wa herufi, ya pili hufunga lugha, kinachobaki ndicho jina la faili. Programu za Shangazi zilikuwa zinachukua kilicho baada ya ritifaa ya mwisho. Ng ikaenda na maji. Na encodeURIComponent haigusi ritifaa. Huiacha wazi pamoja na nyota, mabano na alama ya mshangao. Kwa anwani za wavuti haina neno, kwa kichwa cha barua pepe ni balaa. Ilipaswa iandikwe %27. Lugha nyingi zisingeligundua kosa hili mwaka mzima, lakini sisi tuna ng' katika maneno ya kila siku: ng'ombe, ng'ara, ng'ang'ania.

Ningeweza kuongeza replace moja nikaendelea. Badala yake nimeihama JavaScript kwa kazi hii, nikaandika upya kwa Python, na sijuti. Moduli ya email ya Python husimba ritifaa kuwa %27 bila kuambiwa. Ukipa add_header jina lisilo la ASCII, hulitoa kwa RFC 2231 wenyewe. Na kuna faida nyingine: pathlib, sehemu ya Python inayoshughulikia majina ya faili. Zamani nilikuwa nabadili majina kwa amri za bash, na kila jina lenye ritifaa iliyonyooka lilikuwa linafungua nukuu isiyofungwa; unabonyeza Enter, unapewa alama ya > inakungoja. Mradi wa Ng'ambo na bash havikai nyumba moja.

Shangazi akapona. Ami sasa akaanza kupata ATT na tarakimu. Programu yake haiijui RFC 2231 kabisa: ikiona filename* inaipita kama haipo, inabuni jina lake. Ami ana miaka sabini na tisa na kompyuta ameizoea kama ilivyo; simwambii abadilishe. Basi nikamwekea jina mahali pa pili, kwenye name= ya Content-Type, mstari unaotaja aina ya faili, kwa usimbaji wa RFC 2047, ule wa =?utf-8?q?Ng=27ambo. Najua waraka huo wa 1996 unakataza usimbaji huo ndani ya vigezo vya namna hii. Programu nyingi huusoma hata hivyo, na ya Ami ni mojawapo.

Ikasoma nusu. Kikwajuni ilifika. Vikokotoni ilifika. “Ng'ambo – Kisimamajongoo – harusi ya Bi mkubwa” ikakatika katikati ya harusi, na .jpg ikapotea na mkia, kwa hiyo kompyuta haikujua kama ni picha. Kipande kimoja cha RFC 2047 hakitakiwi kuzidi herufi 75, na kistari kimoja kirefu kikisimbwa kinakula tisa, ndipo Python ikagawa jina vipande viwili na kuingiza mstari mpya kati yao. Programu ya Ami ilichukua cha kwanza ikaridhika. Dawa: Header(jina, 'utf-8').encode(maxlinelen=0). Jina linabaki kipande kimoja kirefu. Nimevunja sharti la pili katika mstari ule ule, na zawadi yake ni kwamba jana Ami alinipigia kunisomea jina zima la harusi, halafu akanitajia watu watatu waliosimama nyuma ambao sikuwajua.

Kilichobaki kilikuwa usafi. Kwenye folda nilikuwa na Ng'ambo nne: iliyonyooka, iliyopinda, ile ya alama ` ambayo binamu hupenda kuitumia, na ʼ ya U+02BC ambayo niliijaribu wiki ya pili kwa kuwa Unicode inaihesabu kuwa herufi, si alama. Kwa macho ni moja, kwa kompyuta ni majina manne, na ukitafuta moja hupati tatu. Nilipoteza saa nzima nikidhani NFKC, kanuni ya Unicode ya kusawazisha herufi, itaziunganisha. Haigusi iliyopinda. Nikatengeneza jedwali dogo la translate, zote ziwe U+0027, yaani iliyonyooka, nikalipitisha kwenye picha zote 212. Linakaa sasa mwanzo wa skripti, kabla ya jambo lolote.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kuanza kuskani albamu ya pili, ile ya kabla ya maghorofa ya Michenzani. Sijaigusa. Usiku huu, baada ya ujumbe wa Shangazi, limenijia wazo jingine: jina la faili yeyote aweza kulibadilisha, kwa nini maelezo yasikae ndani ya picha yenyewe? Nimechukua ExifTool, programu ya kuandika maelezo ndani ya faili ya picha, nikaandika kwenye sehemu ya XMP-dc:Description maneno ya Bibi yaliyo mgongoni, kwa herufi za Kiarabu kama alivyoyaandika, nikamtumia Ami kwa jina la a.jpg tupu, nikamwomba anirudishie. Alikuwa bado macho. Faili iliyorudi nimeilinganisha kwa sha256sum, inayokokotoa tarakimu za kuitambulisha faili, na niliyoituma: tarakimu zile zile. Nikaisoma tena kwa ExifTool, na mkono wa Bibi umo ndani yake, kuanzia kulia kwenda kushoto.