Sekunde chache za WGBH

Jana nilikesha hadi saa nane usiku nikirudiarudia video ya sekunde chache tu: nembo ya miaka ya 1970 ya WGBH, televisheni ya umma ya Boston iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1955. Kioo cheusi tii. Mara unatokea mwanga, unachora herufi nne, na ule mlio wa sintesaiza, kinanda cha kielektroniki, unapanda nao. Nywele zilinisimama, jamani!

Mlio ni kazi ya Gershon Kingsley, gwiji wa Moog, aina mojawapo ya sintesaiza. Herufi zenye kivuli zilibuniwa na Chermayeff & Geismar, kampuni ya wabunifu wa nembo, walewale walioisuka upya nembo ya PBS, mtandao wa televisheni za umma wa Marekani, mwaka 1984.

Nakala niliyoiona imetoka kwenye kanda ya VHS iliyochakaa. Rangi zinavuja pembeni, na chini kabisa kuna mstari unaotetemeka. Mimi naipenda hivyohivyo, isisafishwe. Mtu alirekodi kipindi chake sebuleni, nembo ikaingia humohumo, akaitunza kanda miaka yote hiyo. Namshukuru kwa dhati. Kama nawe unazo kabatini, tafadhali usizitupe.