Siku moja maishani mwangu: fundi umeme wa magari, laptopu na VCI

Saa 12 asubuhi. Mi ni fundi umeme wa magari, gereji yetu iko Tabata hapa Dar, na siku yangu inaanzia nyumbani kwenye laptopu kabla hata ya chai. Nazima apdeti za Windows zisije zikaanza zenyewe katikati ya kazi ya mtu, nazima na ile ya skrini kulala, chaji iwe imejaa, halafu ndo nageukia VCI. Kwa wasioijua, VCI ni kile kiboksi kinachokaa kati ya laptopu na soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani, huku USB kule gari, ndicho kinachofanya laptopu yako isikie na iongee na kompyuta za gari. Mtaani wanasema mashine tu, "fundi nipigie mashine", imetoka hiyo.

Leo ninayo mpya, haijawahi kugusa gari lolote, kwahiyo nimeamka mapema kuiandaa. Draiva kwanza, kiboksi baadae. Yaani unaingiza draiva aliyoitoa mtengenezaji wa kiboksi chenyewe, unamaliza, unazima laptopu na kuiwasha upya, ndo unachomeka USB, maana ukichomeka kabla Windows inajitafutia draiva yake na inaweza kukupa isiyo yenyewe halafu unashinda unalaumu kebo. Kitu kingine kinachowasumbua mafundi wengi ni hii J2534, ule utaratibu wa SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, unaowezesha kiboksi kimoja kutumika na programu za kampuni tofauti za magari. Draiva nyingi za J2534 ni za biti 32, sasa kama programu yako ni ya biti 64 haitakiona hicho kiboksi hata uchomoe uchomeke mpaka jioni.

Halafu siipeleki kwenye gari kabla haijaongea mezani. Nachukua VCI ya zamani na hii mpya, naziunganisha nyaya za CAN, ule mtandao wa nyaya mbili ambao kompyuta za gari zinaongelea, ya juu kwa ya juu, ya chini kwa ya chini, rezista ya omu 120 kila mwisho, moja inatuma nyingine inapokea. Lazima ziwe mbili. Kwenye CAN ujumbe usipothibitishwa na mwenzako hata mmoja unahesabika haujafika, kwahiyo kiboksi kikiwa peke yake kitatuma na kurudia kutuma bila kupata jibu, na wewe utadhani ni kibovu. Zimeongea, nimefurahi kweli. Kabla sijaifungasha nimeingia kwenye mipangilio yake nikazima rezista ya ndani, sababu ndani ya gari tayari kuna mbili, ya tatu haina kazi zaidi ya kuharibu.

Saa 2 asubuhi. Gereji. Kuna Hilux ya kampuni fulani imelala hapa tangu jana usiku, dereva wake ni mtu mzima, nikamsalimia shikamoo mzee, akaitikia marahaba fundi, hapohapo akaanza kueleza: "Nikipita kwenye shimo tu, taa zote za dashibodi zinawaka, mshale wa spidi unalala chini, halafu baada ya muda inarudi yenyewe. Nimeshabadilishiwa betri, bado."

Dogo tunayemfundisha kazi akawa ameshika VCI anataka kuchomeka. Nikamwambia subiri, mita ya umeme kwanza. Kwenye ile soketi pini namba 16 ni moto wa betri moja kwa moja, pini namba 4 ni ethi ya bodi, pini 5 ethi ya mawasiliano, 6 ni CAN ya juu na 14 ni CAN ya chini. Hayo ni ya kiwango, yako hivyo kwenye magari ya kampuni zote yanayotumia CAN kwenye soketi hii, lakini nchi hii gari limepita mikononi mwa watu wa redio, watu wa alamu, watu wa tracker, yaani vifaa vya kufuatilia gari, huwezi kujua nani aliiba moto wapi. Ukikuta moto kwenye pini isiyotakiwa na umeshachomeka, basi kiboksi chako umekizika na pengine laptopu pia. Leo 16 kuna volti 12.4, ethi zote mbili ziko sawa, nikaweka swichi oni, pini 6 inasoma juu kidogo ya volti 2.5 na 14 chini yake kidogo. Hapo gari linaongea. Chomeka.

Laptopu inatembea kwa betri yake, chaja haijachomekwa ukutani. Hili nalisisitiza kila siku, chaja mbovu au umeme wa jenereta unaweza kuleta volti za ajabu kupitia ethi ya USB mpaka kwenye gari, na viboksi vya bei ya chini vingi havina utengano wa umeme kati ya pande mbili.

Kodi za hitilafu, yaani namba ambazo kompyuta za gari zinaandika zikiona kosa, zikatoka: U0100, U0129, U0126. Zote za kuanzia na U ni za mawasiliano, hii inasema nimempoteza kompyuta wa injini, hii nimempoteza wa breki, hii sensa ya usukani. Hapa ndo dogo akauliza, mbona tusibadilishe kompyuta ya injini? Nikamwambia tazama, kila mmoja anamlalamikia mwenzake na wote wanarudi kwa pamoja, kwahiyo hakuna aliyekufa, njia yao ndo inayokatika. Ni kama kikao cha ukoo ndani ya chumba kimoja, anayeongea anasikika na wote, sasa mtu akiwasha spika mlangoni hakuna anayesikia kitu hata kama kila mmoja ana sauti yake nzima.

Nikahifadhi kodi zote kwenye faili kabla ya kugusa betri, kwasababu ukitoa betri kwanza unaweza kupoteza kumbukumbu unazozihitaji. Halafu swichi ofu, VCI nje, terminali ya hasi ya betri nje, tukasubiri. Chini ya usukani kuna soketi za njano za airbag, vitabu vya Toyota vinasema subiri angalau sekunde 90 baada ya kutoa betri, mi nasubiri zaidi ya hapo, na soketi za njano sizipimi omu hata siku moja.

Mita kati ya 6 na 14: omu 60. Safi, ndo inavyotakiwa, rezista mbili za 120 zikiwa sambamba zinatoa 60. Ukikuta 120 ujue upande mmoja umekatika, ukikuta 40 kuna mtu kaongeza ya tatu, ukikaribia sifuri nyaya zimegusana. Nikamwambia dogo aangalie mita asiondoe macho, mi nikaingiza mkono chini ya dashibodi nikawa natikisa kifurushi cha nyaya kidogokidogo kutoka soketi kuelekea kushoto. 60, 60, 60, dogo akapiga kelele "bro, mbili!" Nikaachia, 60. Nikatikisa tena palepale, omu 2.

Tukafungua kava la chini. Kuna tepu nyeusi imezungushwa mara nyingi, imeshalainika na joto, inanata. Chini yake nyaya mbili za CAN zimemenywa kwa meno au kisu butu, upande kwa upande, hazijapishana hata nusu sentimita, na zimefumuliwa msokoto kipande kirefu tu ili mtu apate nafasi ya kufungia waya za tracker. Nyuzi tatu za shaba kutoka waya mmoja zimetokeza kama sindano kuelekea mwenzake. Gari likiruka shimo zinagusana, mtandao mzima unanyamaza. Mzee dereva akaniuliza, "Hiki kidude tu?" Ndiyo mzee wangu, hicho tu.

Mi tracker sizipingi, mabasi ya abiria LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inataka yawe na kifaa cha kufuatilia mwendo na ni jambo jema, watu wanafika salama. Ninachoumia ni ufungaji. Nyaya za CAN zimesokotwa kwa sababu, kelele za umeme zikija zinaingia kwenye zote mbili sawasawa na kompyuta inasoma tofauti tu kati yao, waya mmoja unapanda kuelekea volti 3.5 mwingine unashuka kuelekea 1.5, ukifumua msokoto umeondoa ulinzi. Na vipo visomaji vya CAN vya kubana juu ya waya bila kumenya kitu chochote, vinasikia tu, haviwezi hata kutuma. Kwanini mtu amenye waya wa mfumo wa breki?

Tukapiga solda, kila kiungo mahali pake visikutane, tukavalisha kila kimoja kile kimpira kinachojikaza ukikipasha moto, tukasokota upya. Tracker nimemwomba mzee ampigie bosi wake kwanza, ni mali yao sio yangu, bosi akakubali iachwe nje kwa sasa.

Saa 5. Sasa kulijaribu barabarani. Mzee anaendesha, mi kiti cha pembeni na laptopu, kebo nimeifunga kwa utepe pembeni isining'inie karibu na pedali, maana kebo ikiingia chini ya breki hakuna fundi wa kuirekebisha hiyo. VCI nimeiweka kwenye hali ya kusikiliza tu, haitumi hata ile biti ya kuthibitisha. Gari likiwa linatembea sijaribu kuwasha wala kuzima kitu chochote kwa laptopu, hata mteja aombe vipi. Na kasi ya mtandao lazima uijue kabla, magari mengi madogo ni kilobiti 500 kwa sekunde, ukiweka 250 kwenye mtandao wa 500 na hujaweka hali ya kusikiliza, kiboksi chako kinaona kila ujumbe ni kosa na kinaanza kuuvunja, kompyuta za gari zinaingiliwa zikiwa kazini. Tukatafuta mashimo yote ya mtaani kwetu, hayatafutwi kwa shida, tukasimama nikaitoa VCI kwenye hali ya kusikiliza nikasoma kodi, hakuna iliyorudi.

Saa 7. Wali maharage kwa mama ntilie, na somo kwa dogo hapohapo maana ana hamu na mi napenda mtu mwenye hamu. Nikamweleza CAN walibuni Bosch, kampuni ya Ujerumani, wakaitangaza 1986, kati ya magari ya kwanza kuuzwa nayo ni Mercedes-Benz W140 ya 1991, shida yao ilikuwa nyaya zimekuwa nyingi mno ndani ya gari. Nikafungua faili la asubuhi, namba zake zimeandikwa kwa hesabu ya 16, ndo maana zina herufi ndani. Ukiuliza kwa namba 7DF, yaani yeyote anayehusika ajibu, 02 01 0C, unaomba mzunguko wa injini. Kompyuta ya injini ikajibu kwa 7E8: 04 41 0C 0B B8. Chukua 0B B8, kwa hesabu ya kawaida ni 3000, gawanya kwa 4, 750. Injini iko sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagiwa mafuta. Dogo akapiga mwenyewe ya joto la maji, 7B ni 123, toa 40, nyuzi 83. Amekaa anatabasamu peke yake.

Akauliza mbona ile gari mpya ya juzi tulisikiliza hatukuona ujumbe hata mmoja. Magari mengi mapya yana geti, kompyuta inayokaa kati ya soketi na mitandao ya ndani, hutasikia kitu mpaka uulize. Sio ubovu. Na Toyota nyingi za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinatumia K-line, njia ya mawasiliano ya waya mmoja, pini 7, hiyo 6 na 14 unakuta hazina hata chuma, usianze kutafuta mtandao ambao haupo.

Saa 9 alasiri. Lori, volti 24. Kabla ya yote nasoma maandishi ya mgongoni mwa VCI, iandikwe mpaka volti 32, kama imeandikwa 12 peke yake haikaribii lori. Hili lina ile soketi ya duara ya pini 9, A ni ethi, B moto, C CAN ya juu, D CAN ya chini, kasi kilobiti 250. Pembeni kuna jamaa anachomelea tela lililounganishwa na hilihili lori, nikamwomba kwa heshima asimame kwanza, mashine ya kuchomelea ikiwaka VCI inatoka na betri inafunguliwa, hakuna mjadala. Kisha nikapima feni kwa programu. Kabla ya kubonyeza nikapaza sauti, mikono nje, nikasubiri kila mtu aitikie, ndo nikabonyeza.

Saa 11. Dada mmoja kaja na gari ya kuapdeti programu ya gia boksi. Hii sifanyi kwa Bluetooth, ni kebo tu, na gari nalifunga kwenye chanzo cha umeme tulivu kinachoshika karibu volti 13.5, chenye betri yake nyuma, maana TANESCO wakikata katikati ya kuandika unabaki na kompyuta isiyojitambua. Chaja ya kawaida ya betri haifai, umeme wake unatetemeka. AC zima, redio zima, milango isifunguliwe. Ikaisha salama.

Akaniuliza kama anaweza kuacha kile kidude kidogo cha Bluetooth kimechomekwa muda wote aone mafuta kwenye simu. Nikamshauri akitoe anaposhuka. Kinakula betri, na chochote kilichochomekwa pale kina mlango wa kuongea na breki. 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walituma meseji za simu kwenye kifaa chenye laini ya simu kilichochomekwa kwenye soketi kama hiyo ndani ya Corvette, wakawasha waipa na wakaingilia breki likiwa kwenye mwendo mdogo. Akakichomoa palepale akakitia kwenye mkoba.

Saa 1 usiku. Nahifadhi mafaili ya leo kwa namba za magari, kodi za kabla na za baada, simu ikaita. Bosi wa Hilux, wenye tracker wamemuuliza kwanini gari halionekani. Nikamwomba aniunganishe nao, nikawatumia picha ya zile nyuzi tatu za shaba na nikawaeleza nilichokikuta bila kumgombeza mtu. Wamekubali kuleta kisomaji cha kubana, watafunga hapahapa gereji kwetu mi nikiwa na mita pembeni, na magari mengine ya kampuni hiyo waliyoyafunga yatakuja yakaguliwe kuanzia wiki ijayo.