Aliyeniambia nisubiri ndiye niliyempa kazi

Nina nyumba moja ya kupangisha hapa Columbus, Ohio. Ni jengo moja lenye milango miwili, familia mbili, ukuta katikati. Niliinunua Juni 2021 kwa dola 310,000. Wakati huo nilikuwa nesi wa mikataba ya kusafiri, na hospitali zilikuwa zinalipa vizuri kwa sababu ya Corona. Kila mwaka mhasibu wangu alifanya hesabu ileile: anatoa thamani ya ardhi, dola 62,000, maana ardhi haichakai, kisha dola 248,000 zinazobaki anazigawa kwa miaka 27.5. Zinatoka kama dola 9,000 za uchakavu kwa mwaka, zinapunguza mapato ya pango yanayotozwa kodi, basi.

Mwaka 2023 binamu yangu aliyeko Texas akanipigia: "Dada, unaipa serikali hela za bure. Tenganisha gharama za nyumba yako." Maana yake ni kwamba si kila kitu ndani ya nyumba kinahesabiwa kuishi miaka 27.5. Friji, jiko na zulia kwenye nyumba ya kupangisha ni mali ya miaka 5. Uzio, miti ya kupandwa na njia ya gari ya zege ni mali ya miaka 15. Mtaalamu akivitenganisha na kuvipa bei, uchakavu wake unakuja mapema. Na kwa nyumba iliyoanza kupangishwa 2021, sheria iliruhusu asilimia 100 ya bei ya mali hizo za muda mfupi ikatwe kwenye mapato mwaka uleule. Asilimia hiyo ilishuka hadi 80 mwaka 2023 na 60 mwaka 2024. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeirudisha 100 kwa mali iliyonunuliwa baada ya tarehe 19 Januari 2025. Kwa hiyo swali la kwanza ni ulinunua lini, na mtu anayekutajia akiba kabla hajakuuliza hilo hajui anachokuuzia.

Niliomba bei kwa kampuni tatu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko wengi wetu tunakoumia.

Ya kwanza ilinijibu ndani ya dakika kumi. Ilisema ningepata mkato wa takriban dola 90,000. Nilipopiga hesabu nikaona wameanza na dola 310,000 nzima, pamoja na ardhi. Nikaomba mifano ya ripoti walizowahi kuandika. Wakanitumia mbili, nyumba ya Florida na nyumba ya Michigan. Moja ina bwawa la kuogelea, nyingine haina hata uzio, lakini mali ya miaka 5 ilikuwa na asilimia ileile katika zote mbili, hadi nukta ya desimali. Nilizisoma usiku nikiwa kwenye mapumziko ya zamu, nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea ukurasa. Hiyo si kazi ya mtu aliyeangalia nyumba. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ina mwongozo wa wakaguzi wake kuhusu jambo hili, uko wazi kwa kila mtu, na unaeleza mbinu mbalimbali zinazotumika. Unaanza na uchambuzi wa kihandisi unaotumia kumbukumbu halisi za gharama, na miongoni mwa mbinu dhaifu ni hii ya kukadiria kwa mazoea tu. Usomeni mwongozo huo kabla hamjalipa mtu yeyote. Ni mrefu, lakini sehemu inayoeleza ripoti nzuri inapaswa kuwa na nini inasomeka na mtu asiye mhasibu.

Ya pili haikutaka hela mwanzoni. Ingechukua asilimia ya kodi nitakayookoa. Kwa mtu aliyezoea kubana matumizi hilo linavutia sana, na mimi nilivutika. Kilichonizuia ni kufikiria nani ananufaika zulia likiitwa la bei kubwa kuliko lilivyo. Ni yeye. Na siku IRS ikija, jina lililo kwenye fomu ya kodi ni langu. Mwongozo uleule unawatahadharisha wakaguzi kuhusu malipo ya namna hiyo, kwa sababu hiyohiyo.

Ya tatu ni ofisi ndogo, mhandisi na msaidizi wake. Bei yake dola 2,900, isiyobadilika hata matokeo yawe nini. Kabla ya kuniambia lolote kuhusu akiba aliniuliza mambo manne. Kipato changu ni kiasi gani? Nasimamia nyumba mwenyewe au nimemwachia wakala? Nina mpango wa kuiuza? Mhasibu wangu amewahi kujaza Fomu 3115, ile ya kubadilisha namna ya kuhesabu uchakavu?

Nikamjibu. Mwaka ule nilikuwa naelekea dola 161,000, na ovataimu ndani. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nisimlipe mwaka huo.

Nilishangaa. Akanieleza taratibu. Hasara ya nyumba ya kupangisha, hata ikiwa ya kwenye karatasi tu, kwa kawaida hairuhusiwi kupunguza mshahara unaotozwa kodi. Kuna ruhusa ya hadi dola 25,000 kwa mtu anayeshiriki kwenye maamuzi ya nyumba yake, kama kukubali wapangaji na kupanga pango. Lakini kipato kikivuka dola 100,000 ruhusa hiyo inapungua senti 50 kwa kila dola, na kikifika 150,000 inakwisha kabisa. Mimi ningelipa dola 2,900 ili nipate hasara kubwa ya kuwekwa kabatini. Isingepotea, ingesubiri miaka ya mbele, lakini mwaka ule ingefanya kazi kidogo tu, kwenye faida ya pango lenyewe. Wale ambao nyumba ndiyo kazi yao kuu, zaidi ya saa 750 kwa mwaka na zaidi ya nusu ya muda wao wa kazi, wana njia nyingine. Nesi wa zamu kamili hawezi kuidai njia hiyo kwa dhamiri safi, na alinitahadharisha na yeyote atakayeniambia naweza.

Kampuni mbili za mwanzo hazikuniuliza kipato changu kabisa.

Mwaka 2024 niliacha kusafiri, nikarudi hospitali moja, kipato kikashuka hadi 118,000. Nikampigia yule mhandisi. Ruhusa yangu sasa ilikuwa dola 16,000, na juu yake kuna faida ya pango ya kama dola 7,000 ambayo ingefutwa kwanza. Akasema sasa tufanye.

Alikuja Januari 2025, theluji imefunika kila kitu. Nilidhani ataahirisha kupima nje. Aliniomba koleo, akachimba theluji kwenye kingo za njia ya gari mpaka akaona zege linapoishia pande zote mbili, ndipo akavuta tepu. Ndani alipiga magoti kwenye kona ya chumba cha kulala cha juu, akainua ncha ya zulia kwa plaizi, akalipiga picha likiwa limeshikwa na misumari ya pembeni tu. Kisha akaenda bafuni, akagonga vigae, akaandika kwamba hivyo vimejengewa kwa saruji, vinabaki kwenye miaka 27.5. Mpangaji wangu, mama mtu mzima, alimfuata kila chumba akimwangalia kama fundi aliyekuja kukagua kazi ya mwenzake.

Ripoti ilikuja na kurasa 48. Ilitenga dola 49,600, yaani asilimia 20 ya jengo. Ni ndogo sana ukilinganisha na ile dola 90,000 ya dakika kumi, lakini kila mstari una picha yake, kipimo chake na chanzo cha bei. Mhasibu alijaza Fomu 3115, ambayo inakuruhusu kuchukua uchakavu wa miaka iliyopita kwa mkupuo mmoja kwenye fomu ya mwaka unaoujaza bila kurekebisha fomu za zamani. Tukitoa uchakavu niliokwisha kuchukua kwa vitu hivyo, marekebisho yalikuwa takriban dola 45,000. Dola 23,000 zilifanya kazi kwenye fomu ya mwaka 2024, kodi yangu ya serikali kuu ikapungua kwa zaidi ya dola 5,000, na 22,000 zinasubiri miaka ijayo.

Alinikumbusha pia, kwa maandishi, kwamba nikiuza nyumba kesho sehemu kubwa ya nafuu hii inarudi. Uchakavu wa zulia na friji unatozwa kama kipato cha kawaida, na ule wa jengo hautozwi zaidi ya asilimia 25. Binamu yangu hakuwahi kuambiwa hivyo. Anauza mwaka huu, na tumeongea usiku mwingi kuhusu hesabu hiyo.

Kitu kimoja sikukijua umuhimu wake nilipokuwa naisoma ripoti. Alivipa bei hata vitu vilivyobaki kwenye miaka 27.5: paa, madirisha, mabomba. Miezi michache baadaye hita ya maji ya upande wa kushoto ikapasuka, maji yakajaa chumba cha chini. Nilipompelekea mhasibu risiti ya hita mpya aliniuliza ile ya zamani ilikuwa na thamani gani, maana uchakavu uliobaki wa kitu kilichotupwa unaweza kukatwa mwaka huohuo kilipotupwa. Nikafungua ripoti. Ukurasa wa 22, mstari wa tatu, na picha yake ikiwa bado imesimama kwenye sakafu kavu.