Nilivyouona undugu wa Kihausa na Kiarabu

Mtu aliyepitia madrasa, kama mimi, akisikia Kihausa sikio linamsimama. Littafi ni kitabu, Alhamis ni Alhamisi, sa'a ni saa. Nilipoanza kujifunza nilitaka kujua kama huo ndio undugu unaotajwa na wanaisimu, wanapoziweka lugha za Kichadi, kundi lenye Kihausa ndani yake, katika familia moja na Kiarabu, Kiamhara na Kimisri cha kale.

Sio huo. Maneno hayo yaliletwa na dini na biashara, kama yalivyotufikia sisi, na hakuna anayekiita Kiswahili lugha ya Kisemiti, yaani ya tawi la Kiarabu na Kiamhara. Nikayaweka kando, nikachambua viungo vidogo vya sarufi, ambavyo watu hawaazimani ovyo.

Jibu lilikuwa ndani ya neno lilelile. Kitabu chako, ukimwambia mwanamume wa Kihausa, ni littafinka, mwanamke, littafinki. Kiarabu husema kitabuka na kitabuki. Littafi ni la kuazima, ila -ka na -ki Wahausa wamerithi, tena kwa mzazi wa zamani kuliko Kiarabu chenyewe. Nikaendelea. Buɗe ni fungua, mabuɗi ni ufunguo. Kwa Kiarabu, fataha na miftah, m- ileile mwanzoni. Nne ni huɗu, na Wamisri wa kale waliandika fdw. Hapo moyo wangu ulikubali.

Kilichobaki kunitatiza ni toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, kwa sababu Kichadi kinazo na Kiarabu hakina. Kusoma historia ya uainishaji kulinisaidia sana. Mwaka 1912 mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof alikiweka Kihausa pamoja na Kifulani na hata Kimaasai katika kundi la "Kihami", kundi lililochanganya lugha na nasaba za watu. Baadaye mwanaisimu Mmarekani Joseph Greenberg alilivunja kwa kutazama lugha peke yake: Kifulani na Kimaasai akavitoa, Kichadi akakipa tawi lake, sambamba na Kisemiti, Kiberber, Kikushi na Kimisri. Kihausa, basi, si mtoto wa Kiarabu, na lugha zaidi ya 150 za Kichadi, kutoka Nijeria na Nijeri hadi Kameruni na Chadi, zina haki ya kusomwa kwa heshima yake.

Na kuhusu toni, mfano upo hapahapa Tanzania. Kiiraqw cha Mbulu ni cha tawi la Kikushi, la familia hiyohiyo, nacho kina toni. Wewe mwanamume ni kuung, wewe mwanamke ni kiing.