Wimbo Ulioitwa Safu Isiyo Yake

Usiku ule wa kuimba pamoja nyimbo za tamthilia za muziki, kadi za bingo hazikuwa na nambari hata moja. Kila kisanduku kilibeba jina la tamthilia. Mpiga piano anaanza wimbo, ukumbi mzima unaimba, na mwenye tamthilia hiyo kwenye kadi yake anaitia alama, mpaka atimize mstari mzima wa visanduku na kudai ushindi. Kazi yangu ilikuwa kukagua kadi za waliodai kushinda, kwa hiyo nilikaa kati ya piano na meza ya mtangazaji.

Umbo la kadi lilikuwa lile la bingo ya mipira 75: visanduku vitano kwa vitano, herufi B, I, N, G na O juu ya safu, na kisanduku cha katikati ni cha bure, yaani kinahesabiwa kimetiwa alama tayari. Katika bingo ya nambari, B hubeba 1 hadi 15, I hubeba 16 hadi 30, na hivyo hivyo mpaka O inayoishia 75. Hapa safu zilibeba miaka. B ilikuwa ya tamthilia zilizofunguliwa kati ya 1943 na 1959, I ya miaka ya 1960 na 1970, N ya miaka ya 1980, G ya miaka ya 1990, na O ya kuanzia 2000. Kila safu ilichotewa kwenye kapu la tamthilia nane. Kapu la B lilikuwa na Oklahoma! (1943), Carousel (1945), South Pacific (1949), Guys and Dolls (1950), The King and I (1951), My Fair Lady (1956), West Side Story (1957) na The Sound of Music (1959). Nane mara tano ni 40, na kadi moja hubeba 24 kati ya hizo.

Hesabu hiyo haikuja kwa kubahatisha. Ukiweka nyimbo 75 kama mipira, watu watasinzia kabla mshindi hajapatikana, maana mpira huitwa kwa sekunde chache lakini wimbo hula dakika mbili hata ukiimbwa ubeti mmoja na kiitikio mara mbili. Ukiweka 24 tu, kadi zote zina vitu vile vile, na ukicheza kadi nzima wote wanamaliza kwa wimbo mmoja. Kwa tamthilia 40 na kadi 40, mstari wa kwanza kwa kawaida hupatikana kati ya wimbo wa tisa na wa 14. Kadi zile zile zikiendelea, pembe nne hufuata karibu na wa 16 au wa 17, na umbo la X huja karibu na wa 26. Hiyo ni saa moja na ushei ya kuimba, na mtu hajachoka.

Herufi nazo si pambo. Mtangazaji akisema "B!", jicho linatafuta kwenye visanduku vitano badala ya 24, halafu linarudi ukutani kwenye maneno ya wimbo. Kwangu mimi hapo ndipo bingo ya namna hii inaponoga au kuharibika. Kadi inayomlazimisha mtu ainame na kutafuta kwa muda mrefu inamnyamazisha, na ukumbi ulionyamaza hauna tena usiku wa kuimba, una mtihani. Ndiyo maana utaratibu ulikuwa huu: herufi kwanza, kisha piano hatua mbili za utangulizi, kisha watu wanaingia. Jina la tamthilia halitajwi mpaka kiitikio cha mwisho kiishe. Anayeutambua kwa sikio anatia alama mapema, asiyeutambua anaimba tu na kuipata mwishoni.

Maandalizi mengine yalikuwa ya kawaida lakini kila moja lilikuwa na sababu yake. Kadi zilikuwa za karatasi ngumu, kwa sababu watu wanasimama na kuandika mkononi. Tulitumia kalamu badala ya kete, maana kete humwagika mtu akianza kucheza. Majina yalipangwa mistari miwili au mitatu ndani ya kisanduku ili herufi ziwe kubwa za kusomeka kwenye mwanga hafifu, kwani projekta haitaki taa nyingi. Maneno yaliletwa ukutani mistari miwili miwili, mistari inayofuata ikitokea kabla ya ile ya sasa kwisha. Mafaili ya projekta yalipewa nambari tu, kwa sababu jina la faili likimulika ukutani hata nusu sekunde, fumbo limekwisha. Na piano ilipiga kwa ufunguo wa chini, yaani kiwango cha sauti kilichoshushwa: nyimbo hizi zimeandikiwa waimbaji wa jukwaani, na kundi la watu wa kawaida likivuka noti ya D iliyo juu ya C ya kati kwa oktava moja, nusu yao wanaacha kuimba na nusu wanapiga kelele.

Basi tukafika wimbo wa 11. Mtangazaji akatazama karatasi yake, akasema kwa sauti kubwa, "I!" Piano ikaanza polepole, "Something Good" kutoka The Sound of Music. Ni wimbo wa watu wawili, wa chini chini, na ukumbi uliuimba vizuri kuliko nilivyotarajia. Lakini niliona vichwa vinashuka na havipandi. Watu walikuwa wanapita kwenye safu ya I, Cabaret, Fiddler on the Roof, Hair, A Chorus Line, wanarudi juu, wanapita tena. Sauti ikapungua kuanzia nyuma kuja mbele.

Wimbo ulipokwisha, dada mmoja wa meza ya mbele akainua kadi: "Bingo!"

Nikaichukua. Alikuwa na safu nzima ya B: Oklahoma!, South Pacific, My Fair Lady, West Side Story, na chini kabisa The Sound of Music yenye wino mbichi. Nikamsomea mtangazaji moja baada ya nyingine. Nne za kwanza akazikubali. Ya tano akatikisa kichwa. "Niliita I," akasema, na kweli karatasi yake iliandikwa wimbo huo, pembeni 1965, pembeni yake I.

"Mwalimu, hii ni B au ni I?" mtu akauliza kutoka katikati ya ukumbi.

Mpiga piano akageuka kwenye kiti chake akaeleza bila haraka. The Sound of Music ilifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, Novemba 1959. Filamu ikatoka 1965, na wimbo huu haukuwamo jukwaani, uliongezwa kwa ajili ya filamu. Oscar Hammerstein, aliyekuwa akiandika maneno, alifariki Agosti 1960, kwa hiyo mwenzake wa muziki, Richard Rodgers, aliandika muziki na maneno yote mawili. Aliyeandaa karatasi alifuata mwaka wa wimbo, aliyepanga kadi alifuata mwaka wa tamthilia, na kila mmoja alikuwa na hoja. Lakini kanuni iliyosomwa mwanzoni mwa usiku ilisema wazi: mwaka ni ule ambao tamthilia ilifunguliwa jukwaani kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo B.

Dada yule alikuwa sahihi. Alisikiliza piano, herufi hakuijali. Hata hivyo, kumpa ushindi peke yake kungewaonea waliomwamini mtangazaji wakatafuta pale walipoambiwa. Ikaamuliwa hivi: wimbo uitwe upya kwa herufi yake halali, watu wapewe nusu dakika watazame B, na yeyote atakayetimiza mstari kwa wimbo huo ahesabiwe sawa na aliyetangulia. Naona ulikuwa uamuzi wa haki kabisa, na ningependa kila mwendeshaji auweke kwenye kanuni zake kabla haujahitajika.

Wakasimama wengine wawili. Mmoja alikuwa na mstari wa mshazari. Wa pili alikuwa na safu ya B yenye tamthilia zile zile tano za dada yule, kwa mpangilio tofauti. Watu walidhani kadi zimerudiwa, lakini hazikurudiwa. Tamthilia tano kutoka kapu la nane zinaweza kuchaguliwa kwa njia 56 tu, na kwenye mstari wa wima mpangilio haubadilishi kitu. Kwenye kadi 40, safu mbili kufanana ni jambo la kutegemewa. Anayetaka kulikwepa aongeze kapu hadi tamthilia 12, njia zinakuwa 792, ingawa hapo nyimbo nazo zinakuwa 60 na mshindi anachelewa. Mimi ningebaki na nane na kuweka zawadi inayogawanyika.

Wakati wa mapumziko tuliipitia karatasi iliyobaki, mstari kwa mstari, tukitafuta mitego ya aina hiyo. Ilikuwapo. Chicago iliandikwa G, kwa sababu watu wengi wanaijua kwa onyesho lililofufuliwa 1996, ilhali ilifunguliwa 1975 na kwenye kadi ilikuwa I. Mamma Mia! iliandikwa I kwa kuwa nyimbo zake ni za bendi ya ABBA, na nyingi ni za miaka ya 1970, ilhali tamthilia yenyewe ilifunguliwa London 1999, hivyo ni G. Grease ilikuwa salama kwa bahati: "You're the One That I Want" iliandikiwa filamu ya 1978 na tamthilia ilikuwa Broadway tangu 1972, lakini miaka yote miwili inaangukia safu moja.

Tukafuta safu ya miaka kwenye karatasi ya mtangazaji. Vikabaki vitu vitatu tu kwa kila wimbo: herufi iliyonakiliwa kutoka kwenye kadi, jina la tamthilia, na ufunguo wa piano. Pembe nne zikapatikana kwenye wimbo wa 17, X kwenye wa 27, na hakuna aliyeuliza tena herufi.